Kustaafu Shimoni na bado una nguvu

Mzee wangu heshima, umeuliza ukistaafu na hiyo miaka 60 utoke Kasarani uhamie Shimoni, huko pwani ya Kwale, kama utaboeka, na wewe bado unakimbia kila asubuhi. Kuboeka sidhani. Babangu alihama Nairobi akaenda huko na baiskeli yake, ikaanza kushika kutu kabla hata ya miezi mitatu kuisha juu ya ile hewa ya chumvi, sai kila jioni anaifuta na kitambaa cha mafuta kama mtoto mchanga, na ikifika saa tatu asubuhi ashamaliza mazoezi maana jua la huko si la kuchezewa. Kuogelea ndio amependa sana, lakini ulizia wavuvi kwanza, wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu ama mwezi kuandama, maji yanapwa mbali mpaka unatembea kwa matumbawe, nunua viatu vya mpira jameni, miba ya urumba, yule mnyama wa baharini mwenye miba, si mchezo. Akiamua kujienjoi anapanda boti aende visiwa vya Wasini ama Kisite kuangalia pomboo.

Kitu kingenipea wasiwasi ni hospitali. Ya maana iko mbali huko Msambweni, sasa kama una presha panga dawa zako na ujue nani atakubeba usiku.

Na usinunue shamba saa hii tafadhali, hata ukionyeshwa title inang'aa. Kodisha kwanza, ukae mpaka mwezi wa tano mvua ya masika ikupige, wageni wameenda, ndio uamue. Mama watoto anasemaje lakini? Hujamtaja hata mara moja.