Kabla chuma hakijashuka: namna ya kukaa kwenye rola kosta

Rola kosta, ile treni ya michezo inayopanda na kushuka vilima vya reli kwa kasi, ya kwanza niliyopanda iliniachia alama mbili. Moja ilikuwa ya buluu juu ya paja la kulia, na ukiitazama vizuri ungeona umbo la funguo za gari. Ya pili ilikuwa nyuma ya sikio, pale hereni ilipokutana na chuma. Bustani yenyewe ya michezo sitaitaja. Niliteremka nikiapa kwamba mchezo ule ni wa watoto na wenda wazimu. Mume wangu, aliyebaki chini na mkoba wangu, akaniuliza ilikuwaje, nikamwambia ni kama kupanda gari ya ng'ombe huku ng'ombe wamemwona simba.

Leo mimi ndiye ninayewaamsha watu nyumbani alfajiri. Tunaishi Columbus, Ohio, na bustani ya michezo ya Cedar Point iko Sandusky, kando ya Ziwa Erie, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Si kwamba nimepata ushujaa njiani. Nimejifunza kukaa, basi.

Watu wakisimulia rola kosta hutaja urefu na kasi. Watakwambia Millennium Force, rola kosta ya Cedar Point, ina mita 94 na inakwenda kilomita 150 kwa saa, na ni kweli, tangu ilipofunguliwa mwaka 2000. Lakini mwili wako haugusi mita 94. Unachogusa ni kiti, mkanda, na kile chuma kinachokushika usiruke. Nimeshuka kwenye treni ndefu za kutisha nikiwa nacheka, na nimeshuka kwenye vitreni vifupi nikiwa natafuta dawa ya kuchua. Mara zote tofauti ilikuwa chuma.

Kwa ufupi viko vya aina tatu. Kuna chuma cha mapajani, kinachoacha kifua na mabega huru. Kuna chuma cha mabegani, kinachoteremka kutoka juu ya kichwa kama nira. Na kuna ninachokiita kizibao, maana ndivyo kilivyo: vitambaa laini vinavyokumbatia kifua, na chuma chenyewe kinabaki chini kwenye mapaja. GateKeeper ya mwaka 2013 na Valravn ya mwaka 2016, zote za Cedar Point, zina vizibao.

Mimi ni mtu wa mapajani. Ukiwahi kukaa siti ya nyuma kabisa ya daladala na dereva akasahau tuta, unaijua raha ninayoisema: gari limeshaanza kushuka, wewe bado unapanda. Kwenye rola kosta hilo halitokei kwa bahati mbaya. Kilima kimechorwa makusudi ili treni ishuke upesi kuliko mwili wako unavyotaka kushuka, na kinachokurudisha kitini ni kile chuma. Steel Vengeance, nayo ya Cedar Point, iliyojengwa mwaka 2018 juu ya kiunzi cha rola kosta ya mbao iliyoitwa Mean Streak, inahesabiwa kuwa na sekunde 27.2 za kuelea namna hiyo. Chuma kikikaa mahali pake, ni sekunde 27 za kuwa mtoto tena kwenye pembea za sikukuu pale Mnazi Mmoja. Kikikaa pabaya, ni sekunde 27 za kupigwa tumbo.

Sasa mahali pake ni wapi? Hili nilifundishwa na bibi mmoja wa Kimarekani tuliyekuwa naye foleni, mvi tupu, ambaye alinitazama nikipanda treni na kutikisa kichwa. Nilikuwa nimekaa kama nilivyokaa ile siku ya kwanza, kama mtu aliye kwenye kochi lake sebuleni: mgongo umelegea, kiuno kimesogea mbele. Ukikaa hivyo, chuma kikishuka kinakuta tumbo, si mapaja. Akaja mhudumu, akakisukuma. Kazi ya mhudumu ni kuhakikisha chuma kimefunga. Kustarehe ni juu yako.

Bibi akanionyesha. Ukishakaa, nyanyuka kidogo, sukuma kiuno nyuma mpaka mgongo wa chini uguse kiti, kisha kaa wima kana kwamba mtu anakupima urefu. Funga mkanda kwanza kama upo, usiukunje. Halafu vuta chuma mwenyewe, taratibu, kabla mhudumu hajafika, mpaka kilale pale paja linapokutana na nyonga. Mifupa ya nyonga inastahimili, tumbo halistahimili. Mhudumu akija atakigusa tu, ataona hakichezi, atapita.

Kuna vijana wanaojaza tumbo hewa chuma kinaposhuka ili kibaki mbali, wapate kuelea zaidi. Usiwaige, na sisemi hivyo kwa kuogopa wahudumu tu. Nafasi ile unayoiacha ndiyo mwili unayoitumia kuchukua kasi kabla ya kukutana na chuma. Ukiwa umeshikwa sawasawa hakuna pigo, maana hakuna umbali. Ukiwa umeacha vidole vinne, kila kilima ni ngumi.

Jambo jingine, sikiliza mlio. Vyuma vya kizamani hushuka kwa meno, ta-ta-ta, kama handbreki ya gari. Jino moja kinakuwa kimelegea, jino linalofuata kinabana, katikati hakuna. Kwa hiyo usikivute kwa pupa hadi mwisho, maana ukilipita jino lako hakirudi mpaka wahudumu wafungue. Vipya vingi hutumia silinda za mafuta, havina mlio, na vinasimama popote unapovisimamisha. Ukisikia ta-ta-ta, nenda jino kwa jino.

Chuma cha mabegani kina kesi yake. Watu hudhani kwamba bila hicho mtu ataanguka treni ikigeuka kichwa chini. Si lazima. Mwaka 1976 kule Six Flags Magic Mountain, California, ilifunguliwa rola kosta ya Revolution, ya kwanza ya zama hizi kuzungusha watu kwenye kitanzi cha wima, na ilianza na chuma cha mapajani peke yake. Kitanzi chake si duara kamili, kimechongoka juu kama tone la maji, na treni inapokipita nguvu inakusukuma kitini, haikutoi. Coney Island, New York, walijaribu duara kamili mwaka 1895 kwa kile kitanzi cha Flip Flap, na shingo za watu zikalipa. Basi baadaye Revolution ikawekewa vyuma vya mabegani, abiria wakaanza kulalamika kugongwa vichwa, na mwaka 2016 bustani ikavitoa, ikarudi kwenye mapaja. Reli ni ileile, kitanzi ni kilekile. Steel Vengeance nayo inageuza watu kichwa chini mara nne na mabega yako huru.

Tatizo la chuma cha mabegani ni kwamba kimekizunguka kichwa kushoto na kulia. Treni ikiyumba, kichwa kinapiga hapa, kinapiga pale. Kwenye reli laini hutakisikia kabisa. Kwenye reli iliyochoka, hereni vua kabla hujapanga foleni. Kaa wima ili mabega yako yasiwe chini ya pedi laini za hicho chuma bali yaziguse. Egemeza kichwa nyuma pale treni inapokukandamiza, na usiizungushe shingo kumwangalia mwenzako anavyopiga kelele. Tazama reli iliyo mbele. Macho yakijua kona inakuja, shingo hujikaza yenyewe kabla. Na kama unaruhusiwa kuchagua siti, epuka ile iliyo juu ya magurudumu, kwa kawaida mitikisiko huanzia hapo.

Kizibao hakigongi, lakini kina hila yake: kikikuta umejikunja, kinakubana ukiwa umejikunja, na vingine huzidi kukaza kadiri treni inavyokwenda. Kaa mrefu uwezavyo kinapofungwa. Kwenye Valravn utashukuru, kwa sababu treni inasimamishwa ukingoni kwa sekunde chache ukitazama chini wima, na uzito wako wote umelala juu ya kizibao hicho.

Wenzangu wa mtandio, hili ni letu. Pini ya begani itoe. Mimi niliisahau mara moja, na chuma cha mabegani kikaisukuma kunako nyama. Vaa kofia ya ndani inayoshika, zungusha mtandio, ncha zote ziingize ndani ya blauzi, na kama ni mrefu sana uache nyumbani siku hiyo, vaa ule wa kuvuta kichwani usio na ncha. Baibui pana siipendekezi. Suruali na shati refu vinasitiri na havijikusanyi chini ya chuma. Mkunjo mnene wa nguo juu ya paja unaumiza kama jiwe. Mifuko iwe mitupu. Simu, funguo, hata tasbihi. Cedar Point waliwahi kupiga marufuku simu kwenye Steel Vengeance, na mimi niliwaunga mkono kwa mikono miwili.

Kuhusu miili yetu niseme wazi, maana wengi hujinyima kwa aibu. Mimi nina nyonga za bibi yangu, na kwa muda mrefu nilikuwa naogopa zaidi mkanda usifike kuliko kuogopa kilima. Kwenye lango la rola kosta nyingi kubwa huwa kuna kiti cha kujaribia, kimewekwa hapo nje. Kaa, funga, uone. Kinachoamua si uzito bali umbo: nimemwona mwanamume mwenye kifua kipana akikataliwa na chuma cha mabegani huku mimi nikipita, na kwenye mkanda wa mapajani ikawa kinyume chake. Kujaribu nje, bila watu mia wanaokusubiri uondoke, ni sekunde kumi tu.

Watoto nao wana kipimo chao: sentimita 122 kwa Millennium Force, 132 kwa Steel Vengeance. Binti yangu alilia mwaka mzima kwa ajili ya hizo sentimita za mwisho. Usimwekee mtoto kitambaa ndani ya viatu ili afike. Chuma kimetengenezwa kikamate paja la urefu fulani, na paja lisipofika, kitakamata kitu kingine au hakitakamata chochote.

Nilipokwenda kumtembelea dada yangu Abu Dhabi, alinipeleka bustani ya michezo ya Ferrari World kupanda rola kosta ya Formula Rossa. Ile inafika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi, na unapewa miwani ya kukinga macho na upepo na mchanga. Dada alitarajia nitashuka nimevunjika. Chuma cha mapajani nilikisahau kabisa, kwani treni inapofyatuka unabandikwa kwenye kiti, husogei mbele wala juu. Kilichonisumbua ni ile miwani, ambayo sikuikaza.

Usilegee mapema ukiona kituo. Breki za mwisho zinakusukuma mbele, na ukiwa umeteleza safarini, hapo ndipo chuma kinapolitafuta tumbo. Kaza miguu sakafuni, rudisha kiuno nyuma. Halafu mara nyingi treni inasimama palepale nje ya kituo, ikisubiri iliyotangulia ipakie watu, dakika moja, mbili, tatu, na chuma hakifunguki. Waliokaa vibaya huanza kujinyonganyonga na kuomba wafunguliwe. Mimi siku hizi huutumia muda huo kuchungulia foleni ya Millennium Force imefika wapi.