Nyaya za ndege: zinatandazwa, zinasukwa au zinapitishwa?

SWALI. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Oregon, Marekani. Ninaunda ndege ya viti viwili, RV-7, kwenye gereji yangu, na sasa nimefika kwenye umeme. Kabla sijakata waya hata mmoja, ninapanga kila waya utapita wapi. Daftari ninaliandika kwa Kiswahili, kwa sababu mdogo wangu, fundi umeme wa majumbani huko Tanga, ndiye anayelikagua. Tunabishana. Yeye husema "kusuka nyaya". Mimi nimezoea "kutandaza". Rafiki yangu Mkenya anasema "kupitisha mawaya". Lipi ni sahihi? Njia ya waya niiite "mkondo wa waya"? Na ni sawa kusema "waya wa ardhi" kwenye chombo kinachoruka?

JIBU. Ndugu yangu, hongera kwa kazi, na hongera zaidi kwa daftari. Ninyi watatu hamgombanii kitu kimoja. Kila mmoja ameshika kitendo chake, na ndege yako itavihitaji vyote.

Kutandaza ni kitenzi cha mkeka na shuka: kitu kinakunjuliwa na kuenezwa juu ya eneo. Ndiyo maana wananchi vijijini Tanzania huhimizwa watandaze nyaya ndani ya nyumba kabla ya kuunganishiwa umeme. Neno hilo hutaja kazi nzima, tangu chumba cha kwanza hadi cha mwisho, bila kusema mkono wa fundi unafanya nini. Litumie kwenye jalada la daftari: "Mpango wa kutandaza nyaya." Humo ndani halitakusaidia sana.

Kusuka ni kazi ya nywele, ukili na jamvi: vitu vingi vinapitana mpaka vinakuwa kimoja. Mafundi wa Tanzania wamekifanya kitenzi hiki kiwe jina la kazi yote ya umeme wa nyumba, na mdogo wako hana kosa. Ila kwenye ndege kuna kitendo ambacho ni kusuka kwelikweli. Waundaji wengi hupigilia misumari kwenye ubao, wakapanga nyaya kufuata misumari hiyo, matawi yakitoka kulia na kushoto, kisha wakafunga kila hatua kwa uzi na kuliinua tita zima kulipeleka ndani ya ndege. Hapo andika "kusuka". Na kile kilichosukwa kiite tita la nyaya, kama tita la kuni: vitu virefu vilivyofungwa pamoja.

Msichanganye kusuka na kusokota. Nyaya mbili zinazozungushana, mmoja unapeleka umeme na mwenzake unaurudisha, husokotwa kama kamba. Sumaku ya mmoja huifuta ya mwingine, dira isipotoshwe na redio isivume. Fundi akisoma "zisukwe" mahali palipotakiwa "zisokotwe", anaweza kukufungia nyaya mbili zilizonyooka sambamba, ukaja kuona sindano ya dira inacheza kila unapowasha taa.

Rafiki yako Mkenya ndiye aliye karibu zaidi na kazi yenyewe. Ndani ya ndege kuna viunzi vinavyofuatana kama mbavu, na kila kiunzi kina matundu yake. (Maseremala wa majahazi huviita mataruma. Ningefurahi kuliona neno hilo katika daftari lako, maana nawe unaunda chombo, na kitenzi "kuunda" tulikirithi kwa waunda majahazi.) Waya hupita tundu moja baada ya jingine: unapitishwa. Na tundu la alumini lina makali, hivyo halikosi pete ya mpira, la sivyo mtikisiko wa injini utauchubua waya. Nashikilia "kuchubuka", si "kuharibika" wala "kukatika". Kuchubuka ni ngozi kutoka na nyama kubaki wazi. Waya uliochubuka bado unapitisha umeme, taa inawaka kama kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo. Tarehe 2 Septemba 1998, ndege ya Swissair, safari namba 111, ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, na watu wote 229 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walihitimisha kuwa moto ulianzia juu ya dari, na kwamba yaelekea sana uliwashwa na cheche za waya ulioharibika ganda. Neno linalotaja hatua ya kwanza ya ajali ya namna hiyo linastahili kuandikwa kwa usahihi.

Kuhusu "mkondo wa waya", hapana. Mkondo tayari una kazi yake: ni umeme unaotembea ndani ya waya, ule unaopimwa kwa ampea. Ukiandika "mkondo wa waya namba 7", mdogo wako atatafuta ampea. Sema mapito. Halafu tenganisha michoro miwili: mchoro wa saketi, unaoonyesha nini kimeunganishwa na nini, na ramani ya mapito, inayoonyesha waya unapita wapi, umeshikiliwa na vibano gani na unapinda wapi. Waya unapinda, haukunjwi. Kanuni ya kazi yako inataka nusukipenyo cha pindo kisipungue mara 10 ya unene wa waya mnene kuliko wote katika tita. Ukiandika "kunja", mtu ataukunja kama karatasi.

Sasa "mawaya". Nalisikia sana Kenya na hata Dar es Salaam, na halinishangazi, kwa kuwa ma- hupenda kuvamia maneno yaliyoingia kutoka nje. Katika maandishi nashauri waya huu, nyaya hizi. Neno lilitoka kwa Waingereza, lakini lilipofika lilikuta ndugu zake wakilingoja: wavu na nyavu, wayo na nyayo, wembe na nyembe. Kabla yake waraka na wakati vilitoka Uarabuni vikapita mlango huohuo, tukapata nyaraka na nyakati. Lugha ilisikia "wa-" mwanzoni mwa neno, ikalipa wingi wake bila kuuliza limetoka wapi. Na hatukuwa bila maneno ya kitu hiki. Misafara ya karne ya 19 ilibeba masango, yaani nyaya nene za shaba nyekundu na njano, na ule mwembamba wa kutengenezea bangili uliitwa udodi. Hata simu unayompigia mdogo wako, asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya.

Kwa vipimo, usiandike kamwe "waya mkubwa". Marekani namba ikipanda waya unakuwa mwembamba: namba 22, unaotumika kwa taa ndogo na vipima, una takriban milimita za mraba 0.33, na namba 2, unaofaa kwa stata, yaani mota ya kuwashia injini, una kama 33.6. Mdogo wako anajua 1.5 ya taa na 2.5 ya soketi, ambako namba ikipanda unene unapanda. Kwenu wawili "waya mkubwa" una maana mbili zinazopingana. Andika mnene na mwembamba, na kando ya kila namba ya Kimarekani weka milimita. Nyuzi za ndani ziite nyuzi hivyohivyo: waya wa namba 22 wa ndege una nyuzi 19, kwa sababu waya wa uzi mmoja ungevunjika kwa mtikisiko.

"Kebo" nalo lichunge. Ndege ina kamba za chuma zinazovuta usukani wa mkiani, na mafundi wa ndege nao huziita kebo. Sentensi "kebo ipite mbali na kebo" haina maana kwa yeyote. Ziite kamba za usukani, na umeme uuachie waya.

Nimeliweka mwisho swali ninalolipenda kuliko yote, la ardhi. Nyumbani Tanga "waya wa ethi" au "wa ardhi" ni jina la haki kabisa: unashuka mpaka kwenye udongo, kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa. Ndege yako haina udongo. Inachokifanya waya wako wa hasi ni kuurudisha umeme kwenye betri, na katika RV-7, kwa kuwa mwili wake ni alumini, mwili wenyewe unaweza kuwa njia ya kurudia, kama ilivyo kwenye gari. Mafundi wa magari husema tu "bodi": hasi inakwenda kwenye bodi. Ni neno zuri, linasema ukweli. Lakini ndege za nyuzi za kioo bodi yake haipitishi umeme, na kila taa huhitaji waya wake wa pili mpaka kwenye betri. Kwa hiyo chagua jina linalofaa kote: waya wa kurudi. Penye kuunganishwa na alumini ongeza "kwenye bodi". Ardhi iache kwa mdogo wako, ambaye ana udongo wa kuchimba.

Na ule ukuta ulio kati ya injini na miguu yako, usiuite "ukuta wa moto", maana msomaji atauona unawaka. Ni ukuta wa kuzuia moto.

Ukiyakubali haya, ukurasa mmoja wa daftari lako unaweza kusomeka hivi: "Waya 7, namba 22 (mm² 0.33), mweupe. Unatoka fyuzi ya taa ya bawa la kushoto. Unapitishwa matundu ya mataruma matatu, kila tundu na pete ya mpira. Unapita juu ya bomba la mafuta, kamwe si chini yake, bomba likivuja lisiudondokee. Umesokotwa na waya 8, wa kurudi. Mwishoni uachwe kitanzi kinachotosha kukata ncha na kuibana upya mara mbili. Kibandiko kila ncha." Msomee mdogo wako kwa simu bila kumwonyesha mchoro. Pale atakapouliza "unasema?", ndipo penye neno la kubadilisha.