Deki ya kusoma diski za muvi 20 kwa moja

Mkuu, umeuliza ununue deki gani isome diski za muvi 20 kwa moja, maana ya kwako inazizungusha tu bila picha. Tafuta deki yenye nembo ya DivX usoni au kwenye boksi. Neno DVD peke yake halitoshi. Hizo diski za muvi 20 kwa moja nyingi ni mafaili ya AVI yaliyobanwa kwa MPEG-4 (mfumo wa kubana video), iwe DivX au Xvid, na deki isiyo na uwezo huo inaishia kwenye MPEG-2, mfumo wa zamani zaidi wa DVD za kawaida. Ndiyo maana ya kwako inazungusha diski weee, picha haitoki. Kama DVD za kawaida inazisoma, haijafa, usimpe fundi hela ya kubadili lenzi.

Nimeendesha kibanda umiza huku Igoma, Mwanza, deki zimepita mkononi za kutosha. Ya bei ndogo yenye nembo hiyo na tundu la USB ilinifanyia kazi sawa tu na ya bei kubwa.

Ila angalia: muvi za kisasa za MP4 au MKV huwa zimebanwa kwa H.264, mfumo mpya zaidi, na hizo deki nyingi za bei rahisi zinazikataa hata zikiwa na nembo. Flashi nayo iwe imefomatiwa kwa FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili), ambao faili moja haliwezi kufika GB 4.

Ukishuka Makoroboi, sokoni mjini Mwanza, nenda na diski yako na flashi yako, wakuchomekee uone picha NA usikie sauti kabla hujatoa hela. Kuna zinazotoa picha safi, sauti bubu. Kama TV yako ni flati yenye USB, ijaribu kwanza hiyo, huenda deki huihitaji.