Maswali yenu ya chai: damu, presha, usingizi na ile ya kukata tumbo

Juni ikishaingia huku kwetu nyanda za juu maswali yanayokuja ni chai chai chai, na siwalaumu maana kwa hii baridi nani anakunywa maji. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na moja nimelijibu kwa urefu kuliko mengine kwa sababu naona watu wengi linawahusu ila hawajui.

Kamwene anti. Nina mimba ya miezi mitano, niko Mafinga. Kliniki wamenipima damu ikatoka 9.8 wakanipa vile vidonge vya FEFO, vya madini ya chuma vya kuongeza damu, nameza kila asubuhi bila kuruka na chai ya rangi, sababu maji ya baridi asubuhi yananichefua. Mama mkwe anasema chai ya rangi inaongeza damu, ndo mana nyekundu. Nimerudi kupima, damu imekaa palepale. Nakosea wapi?
*Mama kijacho, Mafinga*

Kamwene mama, na hongera kwa kumeza kila siku, wengi vinaozea kwenye pochi. Shida yako ni hiyo chai unayomezea. Majani ya chai yana tanini, ile inayofanya chai iliyokolea ikaushe ulimi, sasa ikikutana na madini ya chuma tumboni inayashika, yanapita yanaenda zake chooni mwili haujayachukua. Kwa hiyo unameza dawa kweli ila kiasi kikubwa hakifiki kwenye damu. Na wekundu wa chai hauhusiani na damu kabisa, mwambie mama mkwe kwa upole, usije ukamtaja anti.

Fanya hivi. Kidonge meza na maji, na kama ya baridi yanakuchefua weka ya uvuguvugu, hakuna aliyekukataza. Ukipata juisi ya chungwa au maji uliyokamulia ndimu ndo vizuri zaidi maana vitamini C inasaidia chuma kuingia. Alafu chai subiri saa moja, ukiweza mbili. Kama asubuhi bila chai huwezi kufumbua macho basi kunywa chai yako, kidonge hamishia usiku kabla ya kulala. Kahawa nayo ni hivyohivyo, na maziwa pia usimezee. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni hivyo vidonge.

Na sio vidonge tu, chakula pia. Chuma kinachotoka kwenye maharage, ulezi, mnafu na mboga za majani kwa ujumla ndo kinachoshikwa sana na chai, cha kwenye nyama, maini na dagaa kinashikwa kidogo. Sasa angalia tunavyokula: asubuhi kiporo cha maharage na kikombe cha chai ya rangi pembeni, mchana ugali na mboga alafu mtu anashushia na chai tena. Maharage ni mazuri sana ila chai imekaa vibaya. Ihamishie saa 4 asubuhi au saa 10 jioni, katikati ya milo, utamu utaupata uleule.

Hili kwa watoto linaniuma zaidi. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikuta watoto 58 katika kila 100 wenye miezi 6 hadi miaka 5 wana upungufu wa damu, na bado utakuta mtoto wa mwaka mmoja anapewa chai ya rangi na andazi ndo kifungua kinywa. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, na baada ya hapo uji. Chai ya majani huyo mtoto haimsaidii chochote.

Turudi kwako. Udongo ule wa sokoni kama unakula acha, nao unazuia chuma. Na uwaambie kliniki damu haijapanda ili waangalie malaria na minyoo, isije ikawa tunailaumu chai peke yake. Chai yenyewe huhitaji kuiacha, kikombe kimoja kina kafeini, ile inayofukuza usingizi, kama miligramu 40 hadi 50 hivi na Shirika la Afya Duniani linamshauri mjamzito apunguze akiwa anavuka 300 kwa siku, kwa hiyo vikombe viwili vitatu havina neno, mradi huna kahawa na soda nyeusi juu yake.

Mi ni mchumaji wa chai huku Rungwe. Nimeona mjini Mbeya chai ya kijani inauzwa bei kuliko hii yetu ya kawaida na wanasema ndo ya afya. Huo mti wake unalimwa wapi mbona sijawahi kuuona? Ndaga fijo.
*Mchumaji, Rungwe*

Umeushika leo asubuhi! Mti ni huohuo mama, yale majani mawili na chipukizi unayotupia kwenye tenga. Tofauti inaanzia kiwandani. Ya kawaida inanyaushwa, inakatwakatwa, inaachwa ipigwe na hewa mpaka igeuke rangi ndo inakaushwa. Ya kijani inapigwa mvuke au inakaangwa mapema isipate muda wa kugeuka.

Kiafya, ya kijani ina katekini, kemikali za asili za majani ya chai, nyingi zaidi, kwenye nyeusi, yaani hii yetu ya kawaida, sehemu kubwa ya hizo zimegeuka kuwa vitu vingine ambavyo navyo sio vibaya. Mimi maneno ya kwamba chai nyeusi ni ya maskini na ya kijani ndo ya wanaojijali yananichosha. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2022, watu karibu laki 5, wengi wao wanywaji wa chai nyeusi na wengi wanaweka maziwa kama sisi, wale wa vikombe viwili na zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa katika kipindi cha utafiti iliyopungua kwa asilimia 9 hadi 13 ukilinganisha na wasiokunywa. Haithibitishi kwamba chai ndo iliyowaokoa, wanywaji wa chai wanaweza kuwa na mengine mazuri wanayofanya, lakini hakuna sababu ya kuidharau chai unayochuma mwenyewe ukatafuta ya boksi la elfu kumi na kitu.

Ukiijaribu ya kijani usiimwagie maji yanayotokota, itakuwa chungu useme nimekudanganya. Inataka nyuzi 70 hadi 80 hivi. Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, ila hata hizo ni nyingi, epua subiri dakika chache ndo umimine.

Shikamoo anti. Mi bodaboda, kijiwe Uyole. Saa 11 alfajiri baridi inakata vidole, nanywa chai inatoka motoni moja kwa moja, vikombe vitatu, sukari vijiko vinne vinne. Jamaa kijiweni ananiambia chai ya moto inaleta kansa, ni kweli au ananitisha?
*Bodaboda, Uyole*

Marahaba. Chai yenyewe hapana, umoto wake ndiyo. Mwaka 2016 lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula. Na huu ukanda wetu kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini ni kati ya sehemu zenye saratani hiyo kwa wingi duniani, kwa hiyo sio maneno ya wazungu ya mbali. Sigara na pombe kali vikiongezeka juu yake ndo mbaya zaidi. Dawa yake ni rahisi mno, subiri dakika tano au mimina kwenye sosa kama babu zetu, ukiona unalazimika kupuliza na kuvuta kwa kelele jua bado. Vidole vipashe kwa kushika kikombe.

Mi kilichonishtua kwako ni sukari bana. Vijiko vinne mara vikombe vitatu ni 12, kijiko cha chai cha msawazo ni gramu 4, kwa hiyo 48 kabla hata jua halijatoka na hujagusa soda. Shirika la Afya linasema mtu mzima asizidi kama 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana ashuke mpaka 25. Na nakujua wewe, vijiko vyako vina kilima. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi hautagundua.

Binti, mimi mstaafu hapa Njombe, nina presha. Rafiki yangu amenishauri ninywe chai ya rozela niachane na vidonge vya presha maana vimenichosha. Unasemaje?
*Mstaafu, Njombe*

Shikamoo baba. Vidonge usiache. Rozela, wengine wanaita choya, ni kweli inashusha presha, kuna majaribio watu walikunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita ikashuka, ila ilishuka kidogo na wengi wao presha yao haikuwa kubwa. Kunywa kama unaipenda, mwambie daktari wako unainywa, na hayo ya kuchoshwa na vidonge mwambie pia maana anaweza kukubadilishia. Tangawizi na mdalasini ni hadithi hiyohiyo, tia kwenye chai kwa raha.

Anti nimenunua chai ya kukata tumbo kwa mdada mtandaoni, naharisha siku ya tatu lakini kilo zimeshuka mbili. Niendelee?
*Bibi harusi mtarajiwa, Iringa mjini*

Acha leo. Nyingi ya hizo zina sena, ni dawa ya kuharisha, na kilo zilizopungua ni maji na choo, ukinywa maji zinarudi. Ukiendelea unapoteza potasiamu, moyo unaanza kwenda mrama. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango ujue kuharisha sana kunaweza kuvifanya visifanye kazi, usije ukaingia ukumbini wawili. Na wale wa vidonge vya chai ya kijani iliyokamuliwa, dozi kubwa zimeshaumiza maini ya watu, kikombe na kidonge ni vitu viwili tofauti.

Nikinywa chai usiku silali, nikiacha nahisi baridi. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Mbeya*

Kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo ya majani iishie saa 9 au 10 alasiri. Usiku chemsha mchaichai, hauna kafeini, uko nyuma ya nyumba nyingi tu hapo mtaani kwenu, omba majani mawili matatu.