Maswali na Majibu: Akili ya Mchezaji Kabla ya Filimbi

*Mazoezini sikosi penalti, lakini tukicheza uwanja wa Gombani miguu inakuwa mizito. Nifanyeje? (Mchezaji, Chake Chake)*

Mdogo wangu, mazoezini unapiga kumi mfululizo, hakuna anayekutazama, na ukikosa unarudishiwa mpira. Mwisho wa mazoezi, mkiwa mmeshachoka, piga moja tu: tembea kutoka katikati ya uwanja huku wenzako wakikuzomea, piga, kisha nenda nyumbani na matokeo yako. Kona uichague kabla hujautenga mpira, na usiibadilishe hata golikipa akicheza ngoma. Geir Jordet wa Norway, aliyechunguza penalti za mashindano makubwa, alibaini kwamba wanaouendea mpira mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi kuliko wanaojipa muda kidogo. Kwa hiyo ikilia, vuta pumzi, itoe polepole kuliko ulivyoivuta, ndipo uanze hatua zako. Fainali ya Kombe la Chalenji ya 2017 kule Machakos, ambako Zanzibar Heroes walitoka 2-2 na Kenya wakafungwa 3-2 kwa matuta, haikupotezwa na wachezaji wabovu.

*Mwanangu wa miaka 11 hutapika kila asubuhi ya mechi. Baba yake anasema ni uoga tu. (Mama, Wete)*

Bi mkubwa, kwanza mpeleke kwa daktari, kwani si kila tumbo linalochafuka limechafuliwa na mpira. Akionekana mzima, fahamu kwamba mwili wenye hofu hupeleka damu kwenye misuli na kulipunguzia tumbo kazi, ndiyo maana chakula hakikai. Mpe uji mwepesi saa mbili au tatu kabla ya mechi, na urojo usubiri jioni. Lililobaki ni la nyumbani. Mtoto anayeulizwa "umefunga mangapi?" kabla hajavua viatu hujifunza kwamba mapenzi ya wazee wake yanahesabiwa kwa mabao, na baba anayepiga kelele pembeni ya uwanja humfanya awe na makocha wawili wasioelewana. Kuhusu uoga, mwambie baba kwamba mcheza jimnastiki Simone Biles wa Marekani alijitoa katikati ya fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, kwa kuwa alikuwa hajui tena mwili wake uko wapi anapojizungusha hewani; mwaka 2024 akarudi Paris na kuchukua dhahabu tatu.

*Nawaambia vijana wangu wafumbe macho wajione wamebeba kombe. Yatosha? (Mwalimu wa michezo, skuli moja ya Makunduchi)*

Haitoshi, Mwalimu. Kombe halimwambii beki afanye nini akipitwa. Mwogeleaji Michael Phelps wa Marekani alizoezwa kuyaona kichwani hata mambo yanayoharibika, na kule Beijing mwaka 2008, miwani yake ilipojaa maji katika mita 200 za kipepeo, alihesabu mapigo ya mikono na kushinda kwa rekodi ya dunia. Wafumbishe macho, kisha waulize: tumefungwa dakika ya tano, nani anaufuata mpira wavuni, nani anazungumza, pasi ya kwanza inakwenda kwa nani? Dakika tano kila baada ya mazoezi zinatosha, mradi kila mtoto ajibu kwa sauti.

*Viongozi wetu hutumia fedha nyingi kwa "kamati ya ufundi". Inasaidia utulivu? (Golikipa, Unguja)*

Anayeamini uganga anaweza kutulia, lakini utulivu wake unakaa mfukoni mwa mganga, na siku mganga asipofika wachezaji huingia uwanjani wameshafungwa. Waombeni viongozi fedha hizo zinunue mipira.