Jibu: Je, wanazuoni wa Kiislamu walitafsiri Wagiriki tu?

Ndugu, umeuliza kama kazi ya wanazuoni wa Kiislamu ilikuwa kutafsiri tu vitabu vya Wagiriki. Hapana. Mwangalie Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyechunguza mwanga na kuona, mzaliwa wa Basra (Iraki ya leo) mwaka 965 hivi, aliyefia Cairo. Euclid na Ptolemy, wataalamu wa Kigiriki wa kale, walifundisha kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kugusa vitu. Yeye akapinga: mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, ndiyo maana ukilitazama jua macho huuma.

Wala hakuishia kubishana. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ikaangaza doa lake ukutani. Akiziba taa moja, doa lake pekee hutoweka, mengine yanabaki. Kwa hiyo mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na miali hupishana tunduni bila kuchanganyika. Huo ni ushahidi, na mtu yeyote angeweza kuurudia!

Kitabu chake kuhusu mwanga na kuona, Kitab al-Manazir, kilitafsiriwa kwa Kilatini na kuchapishwa Basel, Uswisi, mwaka 1572. Tena aliandika kitabu kizima cha kumkosoa Ptolemy. Mtafsiri tu hafanyi hivyo.