Ukijiunga na klabu ya makasia Cambridge, anza na historia yake

Wadogo zangu mnaokuja Cambridge mwezi wa kumi, wiki ya kwanza tu mtakutana na watu wa klabu ya makasia ya chuo chenu (chuo kikuu cha Cambridge kimegawanyika katika vyuo vingi vidogo), watawaambia njooni hata kama hujawahi kushika kasia, na ni kweli kabisa, wengi wanaanzia sifuri. Hata aliyekulia Ukerewe au Lamu anayejua mtumbwi na ngalawa, huku ataanza upya, maana mnakaa wanane mmegeukia nyuma, hamuoni mnakoenda, anayeona mbele ni mmoja tu, yule mshika usukani, na yeye hapigi kasia, kazi yake ni kuongoza boti na kuwapigia kelele.

Watu watakupa ushauri mwingi kuhusu mgongo, miguu, kula vizuri na kuamka alfajiri. Yote sawa. Mimi nasema jua kwanza historia ya klabu yako, na sio kwa ajili ya kujionyesha kwenye chakula cha jioni, ni kwa sababu mashindano yenyewe yamejengwa juu ya historia, bila kuijua hutaelewa kwa nini watu wazima wanalia pale kingo za mto.

Iko hivi. Mto Cam ni mwembamba, boti haziwezi kwenda sambamba, kwa hiyo tangu 1827 zinapangwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, kati yao nafasi ya kama urefu wa boti moja na nusu. Mzinga unapigwa zikibaki dakika 4, tena ikibaki dakika 1, hapo mshika usukani ameshikilia mnyororo uliofungwa ukingoni na mtu wa nchi kavu anaisukuma boti kwa mti mrefu ili isiegemee ukingo, kimya kabisa, halafu mzinga wa tatu, mnyororo unaachiwa na kila boti inamfukuza aliye mbele huku inakimbia aliye nyuma. Ukimgusa wa mbele, kesho mnabadilishana nafasi. Mnashindana siku 4. Na mwakani hamuanzi upya: timu inaanza pale pale ilipoachwa na waliowatangulia, nao walianza walipoachwa na wa kabla yao, hivyo hivyo kurudi nyuma vizazi na vizazi, ukiondoa miaka mashindano yaliposimama kama wakati wa vita kuu ya kwanza na korona. Yaani nafasi unayokalia wewe mgeni kuna watu waliitolea jasho hata babu yako hajazaliwa, na utakayoiacha watairithi watu usiowajua. Ukilielewa hilo, mazoezi ya saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa pili, vidole vimeganda, yana maana nyingine kabisa.

Nichukue mfano wa chuo cha St John's maana klabu yao ndiyo kongwe kuliko zote za vyuo pale. Inaitwa Lady Margaret Boat Club, ilianza 1825, jina ni la Lady Margaret Beaufort, mama yake mfalme Henry VII, ambaye mali yake ndiyo iliyoanzisha chuo mwaka 1511, miaka 2 baada ya yeye kufariki. Makoti yao ni mekundu kweli kweli, utawatambua kwa mbali. Mwaka 1829 mwanafunzi wao Charles Merivale na rafiki yake aliyesoma naye shule ya Harrow, Charles Wordsworth, aliyekuwa Oxford, ndio walioleta wazo la vyuo vikuu viwili kushindana. Barua ya changamoto ikatoka Cambridge mwezi wa tatu, mbio zikafanyika Henley, mji ulio kando ya mto Thames, tarehe 10 Juni, Oxford wakashinda. Zile mbio za Thames zinazoonyeshwa kwenye TV kila mwaka mpaka leo zimetokana na vijana wawili waliokuwa marafiki tangu shule, mimi hili linanigusa sana.

Kingine, angalia pua ya boti utaona kimpira kidogo. Usikipuuze. Mwaka 1888 mwanafunzi wa chuo cha Clare alikufa kwenye mashindano baada ya pua ya boti ya nyuma kumchoma, na baada ya hapo ndipo mipira ikawekwa. Ukiambiwa kagua mpira kabla ya kushusha boti majini, kagua kweli, kuna mtu alilipia hiyo sheria kwa maisha yake.

Dada zangu, mtaambiwa huu ni mchezo wa kale na ndivyo ulivyo, ila mashindano haya ya kufukuzana kwa upande wa wanawake yalianza miaka ya 1970 tu, na St John's yenyewe ilianza kupokea wasichana wa shahada ya kwanza 1982. Kwa hiyo upande wenu historia bado mbichi, wanawake walioianza wengine wapo hai, wanakuja kwenye sherehe za klabu, kaeni nao muwaulize. Hiyo nafasi wanaume hawana.

Mkiingia banda la boti inueni macho ukutani. Yale makasia yaliyoning'inizwa yameandikwa kwa rangi ya dhahabu majina ya wote wanane na mshika usukani, nafasi aliyokaa kila mmoja na uzito wake, kwa kawaida ni ya timu zilizomgusa wa mbele kila siku. Soma taratibu, usipite tu. Halafu muombe kapteni akuonyeshe chati ya nafasi, ile yenye mistari inayopanda na kushuka mwaka hadi mwaka, tafuta mstari wa chuo chako uufuate kwa kidole, uone walipopanda, uone walipoporomoka, uulize nini kilitokea. Wazee wa klabu wanapenda sana hilo swali, watakueleza mpaka chai ipoe. Na mashindano ya Februari yakifika kabla hujapangwa kwenye timu, chukua baiskeli uende mpaka Baitsbite, kule mbio zinakoanzia, uyaangalie ukiwa ukingoni, vaa soksi nzito na koti la mvua.